Mwaka wa Kengele ya Maziwa

Tulimzika Mama Rebeka Ijumaa iliyopita kule Plateau, nje ya Eldoret, na mimi nilikaa kwenye tenti ya nyuma, kiti cha plastiki kikizama matopeni, nikisikiliza watu wazima wakidanganya kwa zamu. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mama wa kila mtoto wa mtaa wetu wa West Indies. Mzee mmoja wa kamati ya kituo chake cha watoto, yule aliyekuwa mweka hazina wake, alisema marehemu ndiye aliyewaletea watoto wa Eldoret elimu ya kompyuta wakati wengine tulikuwa bado tumelala. Mwanawe wa kwanza akashika maikrofoni na kusema mama alikuwa na maono. Maono! Mama aliyeketi kando yangu akaitikia amina, akanigeukia kuona kama nami nimeitikia. Nikainama kukwangua matope kiatuni. Najua si vizuri kumsema marehemu, nimelelewa vizuri, lakini hakuna mtu amewahi kuniambia ni lini basi mtu anaruhusiwa kumsema, maana alipokuwa hai pia haikuruhusiwa. Walipoita wafanyakazi wa zamani niliinuka, nikasema Mama Rebeka alinipa kazi yangu ya kwanza, nikaketi. Hilo lilikuwa kweli, na sikuwa na lingine.

Kazi yenyewe niliipata mwaka niliotoka chuoni na cheti cha kompyuta, nimechoka kuulizwa na kila mtu nafanya nini siku hizi. Mama Rebeka alikuwa amestaafu ualimu na kufungua kituo cha watoto pale West Indies, kwenye nyumba ya mawe ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe. Aliniuliza mambo mawili tu: kama nimeokoka, na kama naweza kufundisha watoto hizo vitu zimeletwa na wageni. Nilijibu ndiyo kwa yote mawili, na moja lilikuwa kweli. Nikapewa chumba cha nyuma kilichopakana na jikoni. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hivyo nilijua githeri imeiva kabla sijaitwa, na nilijua pia ni nani anasemwa siku hiyo. Anti Selina, aliyekuwa mpishi, aliniambia siku ya kwanza nikitaka kulala vizuri niweke pamba masikioni. Nilicheka. Kumbe alikuwa ananipa ushauri wa bure.

Sebule ya ile nyumba ndiyo ilikuwa darasa, na sijui niieleze vipi bila hasira kupanda. Kila kiti kilikuwa kimevishwa kitambaa cha kufuma. Redio, iliyokuwa imekufa zamani, ilivishwa. Kompyuta nazo zilivishwa, vitambaa vya rangi ya waridi vyenye maua pembeni, alivyofuma mwenyewe jioni baada ya jioni, na mtoto akitaka kujifunza ilibidi anawe mikono, avue viatu mlangoni, akunje kitambaa vizuri na kukiweka mezani bila kukitia makunyanzi. Kufikia hapo somo limekwisha nusu. Ukutani kulikuwa na kabati la vioo. Unalijua kabati hilo, kila nyumba ya heshima huku kwetu inalo: ndani mna vikombe ambavyo hakuna mtu wa nyumba hiyo amewahi kunywea, sahani za maua, birika la harusi. Mimi leo nina nyumba yangu na nimekataa kabati kama hilo katakata. Dada zangu hunicheka, ati mgeni akija atanywea kikombe kile kile ninachonywea asubuhi nikiwa nimejifunga leso. Ndiyo, atanywea hicho hicho. Akitaka kingine aje nacho.

Ndani ya kabati, kati ya birika na sahani, ndimo zilimokaa bodi zetu. Wageni wa ng'ambo walikuwa wametuma sanduku zima. Ni vitu vidogo, kama kiberiti kilichokanyagwa, vyenye vitaa vyekundu mbele, vitufe viwili, na matundu makubwa ukingoni ya kushikia waya. Mtoto anakaa kwenye kompyuta, anaburuta vitofali vya rangi vya kwenye skrini, kila kimoja agizo, na kuvishikanisha: kitufe hiki kikibonyezwa, onyesha uso unaocheka, subiri kidogo, zima. Hakuna cha kuandika, hakuna cha kukariri. Halafu anatuma maagizo yake kwa waya hadi kwenye bodi, anachomeka betri, na kile alichokuwa akikifikiria kinawaka mkononi mwake. Hapo ndipo utamu ulipo. Mtoto aliyeona wazo lake likiwaka mkononi huwezi tena kumwambia hajui kitu. Lakini sisi tulifika hadi kwenye vitofali, basi. Bodi zilikuja kwenye mifuko ya plastiki yenye rangi ya fedha, na ndani ya mifuko hiyo zikabaki. Watoto wangu walijifunza kwa bodi tulizokata kwenye maboksi ya majani chai na kuzichora kwa kalamu. Walibonyeza vitufe vya kuchora na kusema “ting!” kwa midomo yao. Mtoto wa darasa la nne akisema ting, bodi ya kadibodi ikiwa mkononi na ile ya kweli ikimwangalia kupitia kioo, jameni, hilo nililiona kila wiki.

Nilimfuata Mama Rebeka mwezi wa pili, akiwa anakunywa chai na mandazi jikoni.

“Mama, watoto wanahitaji kuzishika zile bodi.”

“Watazishika.”

“Lini?”

“Wageni wakikuja. Ebu fikiria, mtu amekuletea kitu kizuri kutoka mbali, anarudi anapata imechakaa. Utamwambia nini?”

“Nitamwambia watoto wamejifunza.”

Alinitazama kwa huruma, na nasema huruma kwa sababu hakuwa mtu wa kelele. “Mwalimu, wewe bado ni mtoto. Hujui wageni.”

Sasa nimlete Jeruto. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, sweta imefumuka viwikoni, na mama yake alikuwa na kibanda cha chai karibu na stendi ya boda boda. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Mama Chai. Jeruto ndiye aliyechemsha maziwa asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na siku moja alikuja na alama ya mwiko wa mama yake mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya jiko akifikiria vitofali, maziwa yakapanda, yakamwagika, na maziwa yaliyomwagika kwa mtu anayeuza chai ni kazi ya siku nzima iliyokwenda motoni. Hakulia. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

“Mwalimu, hii kitu inaweza kujua maziwa imepanda?”

“Inaweza kujua waya mbili zimeguswa na kitu kinachopitisha umeme.”

“Maziwa inapitisha?”

“Inapitisha, kama maji ya chumvi.”

Akakuna kiwiko. “Basi waya zikae juu, karibu na mdomo wa sufuria. Povu ikifika, inazigusa zote mbili. Hapo ilie.”

Nimefundisha miaka mingi tangu wakati huo, shule nzuri zenye vifaa tele, na bado sijasikia mtoto akifikiri hivyo mbele yangu kwa dakika moja tu. Nilimsumbua Mama Rebeka mpaka akachoka na mimi. Mwishowe alifungua kabati na kunipa bodi moja, ile ambayo mfuko wake ulikuwa umepasuka njiani, kwa namna ambayo watu huwapa watoto kikombe chenye ufa. Akasema hii moja tu, na ni ya huyu mtoto, wengine wasiizoee. Niliipokea kwa mikono miwili na kusema asante sana Mama. Hiyo asante inaniuma mpaka leo.

Tulifanyia kazi jikoni kwa Anti Selina. Nilinunua kikengele kidogo kwa fundi wa redio mjini, na Jeruto akabana waya mbili kwenye ukingo wa sufuria kwa kibanio cha nguo. Mara ya kwanza ililia kabla maziwa hayajapata hata joto, kwa sababu waya zenyewe ziligusana na sufuria. Akazivisha mirija ya kalamu, ncha tu zikatokeza. Mara ya pili ililia kwa mvuke na kunyamaza, ikalia tena, kama kifaranga, na Anti Selina akasema hii sasa itatuua na kelele. Jeruto akarudi kwenye kompyuta, akavua viatu, akakunja kitambaa, akaongeza kitofali cha kusubiri: waya zikiguswa kidogo tu, nyamaza, zikiendelea kuguswa, lia. Mara ya tatu povu lilipanda jeupe hadi juu, kengele ikalia, vitaa vikaonyesha msalaba mwekundu, na Anti Selina akaruka na kutoa sufuria huku akicheka hadi machozi. “Sasa mimi nitafutwa kazi na kiberiti!” Tulikunywa maziwa hayo sisi watatu, tukiwa tumesimama, nje kukinyesha ile mvua ya baridi ya mwezi wa saba. Nikiulizwa ni lini nilikuwa na furaha mwaka ule, ni hapo, na hapo pekee.

Mama Rebeka alisikia kelele akaja. Alitazama kengele ikilia mara mbili, akapiga makofi, akamwita jirani aje aone. Usiku huo, kupitia ule ukuta wa mbao, nilimsikia akiongea na mzee wa kamati, yule mweka hazina. “Huyu wa Mama Chai ndiye tutamweka mbele. Wageni wamesema watachukua mmoja, wamlipie shule ya bweni mpaka amalize kidato cha nne.” Mzee akauliza kama si vizuri kumweka mtoto wa mchungaji. “Hapana,” akasema, “huyu ana kitu.” Nililisikia kwa masikio yangu, na sitamnyima sifa hiyo. Kesho yake akaenda mwenyewe kibandani kumwambia mama yake Jeruto. Yule mama alitujia na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya heshima, akakiweka mezani kwa mikono miwili, akashindwa kusema. Jeruto naye akaanza kutembea tofauti. Nilimwona mwenyewe akiwaonyesha wadogo vile kitofali cha kusubiri kinavyofanya kazi, akisema “si ngumu, jaribu tu, jaribu,” sauti yangu kabisa.

Wageni wakatangaza kuja wakati wa kuvuna mahindi, na nyumba ikashikwa na wazimu. Kuta zilipakwa rangi. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Vitambaa vyote vilifuliwa na kutiwa wanga vikasimama vyenyewe. Mimi niliomba ruhusa ya wikendi kwenda Turbo kusaidia mavuno kwa dada yangu, nikarudi Jumatatu asubuhi na matope ya huko viatuni, nikakuta watoto wamepangwa kwenye mistari, nyuso zikimetameta kwa mafuta ya mgando, maana mtoto wa kuonyeshwa mgeni lazima ang'ae. Niliomba nizijaribu bodi kwanza. Mama Rebeka akasema kabati litafunguliwa wageni wakishaketi, na hata ile ya Jeruto iko humo tangu Ijumaa, ameirudisha yeye mwenyewe ikae na wenzake. Hapo ndipo Anti Selina aliponivuta jikoni, akafunga mlango na kunong'ona.

“Mwalimu, sijui kama nimefanya vibaya. Mama alisema zing'ae.”

“Nini zing'ae?”

“Zile vitu zako. Jumamosi. Tulizitoa zote kwenye mifuko, nikaziosha na sabuni ya unga, nikazisuza, nikazipanguza. Halafu Mama akasema tuzipake mafuta kidogo, zisiwe na sura ya vumbi. Tukazirudisha mifukoni.”

“Zikiwa zimekauka?”

“Kwa juu zilikuwa zimekauka.”

Mtu wa mbali atacheka. Acheke. Lakini kwetu mtu hupokea mgeni kwa kuosha, na kilichooshwa hupakwa mafuta, kiwe kiatu, kiwe mtoto, kiwe majani ya lile ua la sebuleni. Walikuwa wamezipokea zile bodi kama walivyopokea kila kitu cha thamani, kwa maji na sabuni. Nilikimbia kumtafuta Mama Rebeka nimwambie tuahirishe, tuonyeshe bodi za kadibodi, tuonyeshe chochote. Gari la wageni lilikuwa tayari limeingia langoni na watoto wanaimba.

Kabati likafunguliwa. Bodi zikatolewa kwenye mifuko, na nilisikia harufu ya sabuni kutoka nilipokuwa nimesimama. Watoto wakachomeka betri. Moja iliwaka nusu uso. Nyingine ilipata joto, mtoto akaiangusha. Zilizobaki hazikufanya lolote. Wageni wakaendelea kutabasamu, vile wanavyojua. Mama Rebeka naye akatabasamu, akasema sasa mtaona kengele, na Jeruto akaletwa mbele na sufuria yake juu ya jiko dogo la gesi, mama yake akiwa amesimama mlangoni na leso mpya. Mtoto akabana waya zake. Akachomeka betri. Nilimwona akiibonyeza bodi, akiipangusa kwa sweta yake, mafuta yakimtelezesha vidole, akiibonyeza tena. Aliniangalia. Nikasema kwa sauti tuzime moto, lakini Mama Rebeka akainua mkono, acha, itafanya. Maziwa yakapanda. Yakapita waya zote mbili kimya kimya, yakamwagikia moto, yakatambaa juu ya kitambaa kilichotiwa wanga hadi kwenye viatu vya mgeni wa mbele.

“Mnisamehe,” Mama Rebeka aliwaambia wageni kwa Kiingereza. “Ni huyu mtoto. Amekuwa akichezea hizi vitu kila siku, ameziharibu.”

“Mama, zimeoshwa,” nikasema. Nilisema mbele ya watu wote, na nikarudia kwa Kiingereza. “Hizi bodi zimeoshwa na maji, Jumamosi. Jeruto alikuwa na moja tu na ilikuwa inafanya kazi. Muulizeni Anti Selina.”

Watu wote wakamgeukia Anti Selina. Alikuwa na watoto wanne na hana mume. Aliangalia sakafu, akasema, “Mimi ni wa jikoni tu, sijui mambo ya kompyuta.” Mama Rebeka akawachekea wageni kidogo, akawaambia mwalimu amechoka, ametoka safari. Kisha akamwambia Jeruto aseme pole kwa wageni. Akasema. Sauti yake haikutoka, akaambiwa arudie. Mama yake alitoka mlangoni, akapita katikati ya wageni, akachutama na kupangusa kile kiatu kwa leso yake mpya, akiomba msamaha kwa Kiswahili ambacho mwenye kiatu hakukijua. Nafasi ya shule ilikwenda kwa mvulana aliyekariri shairi kuhusu faida za teknolojia. Alikariri vizuri sana. Hakuwahi kugusa bodi.

Nilipeleka neno hilo kwenye kamati. Nilibeba bodi tatu, nikawaonyesha kutu ya kijani chini ya vyuma. Mzee wa kamati akaigeuza moja mkononi na kusema, “Mwalimu, hata kama ni kweli, tutasaidika na nini tukimwaibisha mama wa watu?” Nikamuuliza, na mtoto wa watu je? Akasema mtoto atasahau. Mwezi wa kumi na mbili nikaambiwa kituo hakina haja na mwalimu wa kompyuta tena, kwa vile vifaa vimeharibika. Kabla ya kuondoka nilipita kibandani. Jeruto alikuwa anaosha vikombe na hakuinua uso. “Mwalimu,” mama yake aliniambia, bila ubaya wowote, “mtoto wangu alijua kuchemsha maziwa kabla yako.” Akanimiminia chai, akakataa nilipe, na nikainywa yote kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Basi Ijumaa, baada ya kaburi kufunikwa, tulikuwa kwenye foleni ya chakula mwanamke kijana mwenye suti ya samawati aliponishika bega. “Mwalimu! Umenisahau?” Sikuwa nimemsahau. Alinikumbatia, akanibebea sahani, akatafuta viti viwili pasipo na matope. Anafundisha sasa, shule moja ya kibinafsi kwenye barabara ya Turbo, na moyo wangu uliruka aliponiambia ni somo gani: kompyuta. Nilitaka kulia. Nikajiambia, wacha, kumbe haikupotea bure.

“Unakumbuka vile niliharibu zile bodi?” akasema, akicheka. “Aki nilikuwa mtoto mtundu. Nikifikiria vile Mama Rebeka alinivumilia, na bado nikamwaibisha mbele ya wageni. Ndio maana nikasema lazima nije nimzike.”

Niliweka kijiko chini. Nilimwambia yote: sabuni ya unga, mafuta, mifuko iliyofungwa na unyevu ndani, maneno ya Anti Selina nyuma ya mlango. Nilimwambia polepole, nikimtazama machoni, jambo ambalo nilipaswa kupewa nafasi ya kulisema siku ile na likasikika. Nikamwambia, “Jeruto, hukuharibu chochote. Kengele yako ilikuwa inafanya kazi. Hukuwahi kuharibu kitu.”

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kichwa ameinamisha. Halafu akaweka mkono wake juu ya wangu, akaupapasa kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

“Mwalimu, wewe ulikuwa unanipenda tu.”

Nikajaribu tena. Akabadilisha mazungumzo, kwa upole kabisa, akaanza kunieleza juu ya shule yake. Wamepata bodi pia, aina mpya, nzuri kuliko zile zetu, sanduku mbili. Nikamuuliza watoto wanatengeneza nini nazo. Akanieleza amezinunulia kabati la chuma kwa pesa yake mwenyewe, watoto wanajifunza kwanza kwa picha, maana watoto ni watoto, yeye anajua vizuri vile mtoto mmoja tu anaweza kufanya.

“Tangu tuzipate, Mwalimu,” akasema, na akaketi wima kwa fahari, “hakuna hata moja imeharibika.”